Stoo Tuliyoigeuza

Mama yangu mzazi hakuwahi kulala nyumbani kwangu tangu nilipoolewa, na mtoto wangu wa kwanza sasa ananyoa ndevu. Akija kunitazama huku Kathonzweni alikuwa akinywa chai uani, anatuombea akiwa uani, kisha jua likianza kupinda anachukua mkoba wake na kwenda kulala kwa jirani. Vyumba vya watoto wangu vilikuwa vitupu, vitanda vimetandikwa. Jirani ana kitanda kimoja kinachobonyea katikati, na mbuzi wanaolia tangu alfajiri. Mama alipendelea kwa jirani.

Sababu ni nthoni. Kwetu Ukambani mama na mwanamume aliyemwoa binti yake huheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Siku hizi wengi wamelegeza. Wako akina mama hapa Makueni wanaopanda gari moja na wakwe zao na kubishana nao habari za siasa njia nzima. Mama yangu si mmoja wao, na mume wangu, kwa bahati yangu mbaya, ni mtu wa heshima kupita kiasi. Wakati mmoja walikutana uso kwa uso kwenye ujia wa hospitali kule Mwingi, hapana pa kukimbilia. Mama akajifunika leso hadi kidevuni. Mume wangu akageukia ukuta na kusoma tangazo la chanjo ya watoto wachanga mpaka mama akapita. Mimi nilicheka mpaka nesi akanikaripia.

Niliacha kucheka mama alipoanguka. Alikuwa akiishi peke yake kwetu Kyuso tangu baba afariki, na kaka yangu wa pekee yuko Mombasa kwenye chumba cha kupanga ambacho hata yeye mwenyewe hakimtoshi. Mama aliteleza karibu na tangi la maji akaumia nyonga, akalala pale chini hadi mtoto wa jirani alipopita akitafuta ndama. Mfupa haukuvunjika. Lakini sukari yake ilikuwa juu, macho yake yalikuwa yamefifia, na daktari aliniambia wazi kwamba huyu hafai kuishi peke yake tena. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo. Niliogopa simu. Kila ilipolia nilidhani ni mtu wa Kyuso.

Nilimwomba mama aje akae nasi. Akakataa. Nikamwomba tena. Akasema, "Nikae wapi? Juu ya mti?"

Ni mume wangu aliyepata jibu. Nyuma ya nyumba yetu kipo chumba kimoja cha matofali kinachosimama peke yake, na hicho hakukijenga yeye. Kilijengwa na marehemu baba yake. Paa si lake. Kwa hesabu za nthoni, mama angeweza kulala humo bila kumvunjia mtu heshima. Nilimpigia mama nikamweleza. Alisema atakuja kukiona, na kuona si kukaa. Mama hutoa ahadi zake kidogo kidogo, na mimi nilishukuru kwa hicho kidogo.

Tatizo ni kwamba chumba kilikuwa kimejaa hadi darini. Magunia ya ndengu na kunde, jembe la kukokotwa na ng'ombe, pampu ya kupulizia dawa, mabomba, kamba, milango miwili isiyo na nyumba, na baiskeli ambayo mume wangu amekuwa akiahidi kuitengeneza tangu tuoane. Tungejenga stoo ya mbao, lakini huku kwetu mbao ni chakula cha mchwa. Unajenga leo, msimu wa pili unasukuma nguzo kwa kidole inaanguka. Basi tukaamua kununua stoo ya chuma, zile zinazouzwa zikiwa zimefungwa kwenye makasha, unaenda kuunga mwenyewe nyumbani.

Tuliipata Sultan Hamud, kwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu. Muuzaji alikuwa ameunga moja ikasimama mbele ya duka, ya kijani, yenye milango miwili ya kusukuma pembeni. Mume wangu aliingia ndani akafunga mlango na kukaa humo. Nilisimama nje na muuzaji, tukitazamana.

"Anafanya nini?" muuzaji akaniuliza.

"Anaomba," nikamwambia.

Alipotoka alisema ni nzuri lakini ni moto kama jiko. Muuzaji akatuonyesha matundu ya hewa karibu na paa, akasema tuiweke kivulini. Tukaichukua. Makasha yalikuwa mawili, marefu na membamba, na sikuamini kwamba nyumba nzima inaweza kulala humo ndani. Mwenye pikapu tuliyemkodi alituuliza kama tumenunua vitanda.

Siku iliyofuata tulimwaga slabu ya simiti chini ya mwarubaini, kwa mchanga tulioletewa kutoka mtoni na kokoto zilizobaki tulipojenga choo. Tukaiacha ikauke vizuri. Kisha asubuhi moja, kabla mabati hayajashika moto wa jua, tukafungua makasha.

Lazima niseme ukweli: nilifurahi sana siku ile. Tangu watoto waondoke, mimi na mume wangu tulikuwa tumezoea kufanya kazi kila mtu kivyake, yeye shambani, mimi kwenye duka langu la nguo sokoni, tunakutana kwenye sahani ya jioni. Sasa tulikuwa tumepiga magoti pamoja kwenye vumbi, tumezungukwa na vipande vya mabati na vifuko vya skrubu ndogo kama punje za mtama. Kulikuwa na karatasi ya maelezo isiyo na neno hata moja, picha tupu za mtu asiye na uso anayeshika bisibisi. Mume wangu hakutaka kuitazama. Alisema amejenga zizi, choo na banda la kuku, na hakuna aliyemchorea picha.

"Hiyo uliyoshika ni ya paa," nikamwambia.

"Hii ni ya ukuta."

"Kwenye picha iko juu."

"Hiyo picha imeshikwa juu chini."

Ilikuwa ya paa. Tulifungua skrubu zote za ukuta ule tukaanza upya, na kwa heshima zangu sikusema kitu, ila niliimba pambio la kushukuru. Akanirushia glavu. Baadaye upepo ulikuja ukanyakua bati moja la paa, ukalipeleka hadi kwenye mbaazi za jirani, nasi tukalikimbiza kama watu wanaofukuza jogoo wa Krismasi. Mchana tulikula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, tumekaa juu ya kasha tupu, mikono inanuka mafuta ya chuma. Jioni stoo ilikuwa imesimama. Mume wangu aliisukuma kwa bega, haikutikisika. Alitoboa simiti kwa mashine ya kuazima akaikaza na bolti kubwa kila pembe. Tulikuwa tumeuelekeza mlango magharibi, tukaupa upepo kisogo, maana upepo wa huku hutoka mashariki na hubeba vumbi, na hatukutaka vumbi liingie kwenye ndengu. Tulijisifu kwa akili hiyo.

Tulihamisha kila kitu, hata ile baiskeli. Nikapiga chumba cha matofali chokaa, nikaweka kitanda, godoro jipya, pazia la maua na kiti chenye mikono ili mama aweze kujinyanyua. Nikakodi gari la Probox nikaenda kumchukua Kyuso. Ilikuwa safari ya kutwa. Mume wangu siku hiyo alijipa shughuli sokoni, apate kuwa mbali mama atakapofika.

Mama alishuka garini polepole na mkongojo wake, akaingia chumbani, akagusa ukuta, akabonyeza godoro. Akakaa. Nikaona uso wake umelegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aanguke, nikajua amekipenda. Kisha akageuza kichwa kutazama nje ya mlango.

Mbele yake, hatua chache tu, mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani ulionekana koti la kazi la mume wangu limening'inia, na kofia yake.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Stoo, Mwaitu," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. "Ile niliyokuambia."

"Nani huingia?"

Hapo ndipo nilipouona mlango ule kwa macho yake. "Baba watoto," nikasema.

"Huingia lini?"

"Asubuhi akienda shamba. Na akirudi. Na... akitaka kitu."

Mama hakupandisha sauti. Aliinamisha kichwa akafunga leso yake vizuri. "Sasa mimi nitakuwa nikifunga mlango mchana kutwa, nimekaa gizani kama kuku anayeatamia? Au yeye ndiye atakuwa anatambaa kwenda kuchukua jembe lake? Mwanangu, mlifanya nini?"

Hatukuwa tumefikiria. Sisi wawili, watu wazima, tulifikiria mchwa, tukafikiria jua, tukafikiria hadi vumbi la mashariki, halafu tukachukua mlango wa mkwe tukauelekeza kwenye mlango wa mama mkwe. Chumba kile kilikuwa stoo kwa miaka mingi hivi kwamba vichwani mwetu hakikuwa na mlango wa mtu, kilikuwa na mlango wa magunia. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini kumbe si kuyaona yote.

Nilikasirika. Nilichoka na barabara, nilichoka na hofu, na nikamwambia mama maneno. Nikamwambia tumeokoka, tuko kanisani miaka yote hii, na hakuna mahali kwenye Biblia palipoandikwa kwamba mtu asione kofia ya mkwe wake.

"Kweli," mama akasema. "Lakini Yesu hajamwoa binti yangu."

Akachukua mkoba wake, akaenda kwa jirani mwenye mbuzi. Mlangoni aligeuka akaniambia kwa upole kabisa kwamba hana hasira na mtu, atapumzisha nyonga, na Jumamosi nimtafutie gari arudi kwake. Nilibaki nimekaa kwenye godoro lile jipya. Nilijua akirudi Kyuso safari hii hatatoka tena akiwa hai, na nilijua sina maneno mengine ya kumwambia. Nililia kwa uchungu, na kwa hasira pia, sitaficha.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia nikitegemea acheke, nami nipate mtu wa kugombana naye. Hakucheka. Alienda akasimama kwenye mlango wa stoo, akatazama kule mama alikokuwa amekaa, akashika kichwa.

"Mimi mwenyewe ningepita hapa vipi?" akasema. "Ningekuwa nikimsalimia kwa mgongo kila asubuhi."

"Tuweke pazia," nikasema. "Tupande ua."

"Ua utaota lini? Tuigeuze."

Alitoka moja kwa moja akasimama nje ya ua akamwita jirani mwenye kitanda cha kubonyea, naye akaita wenzake wa kikundi cha akina mama cha kanisa na waume zao, na kesho yake asubuhi uani kwangu kulikuwa na watu kuliko siku ya mchango wa harusi. Hakuna aliyeuliza mara mbili kwa nini. Nilipowaambia mlango umetazama pale, walipiga makofi ya mshangao wakavua viatu. Mzee mmoja wa kanisa alisema angekuwa yeye angehama kijiji.

Tulitoa magunia yote nje tena. Mume wangu akafungua bolti za chini. Kisha yeye na wanaume wawili wakaingia ndani wakashika fremu, sisi wanawake tukashika kuta kwa nje na matambara mikononi, jirani akahesabu, tukainua. Stoo ilipanda. Kwa nje ulichoona ni nyumba ya kijani yenye miguu ya watu chini, inazunguka pole pole, na ndani sauti ya mume wangu ikiamuru kushoto, kushoto, ngojeni. Akina mama walianza wimbo, maana huku kwetu mzigo haubebwi kimya. Nilitazama upande wa jirani nikamwona mama amesimama kwenye ua, ameegemea mkongojo, anatazama wazi bila kujifunika. Mkwe wake alikuwa pale pale mbele yake na hamwoni. Mama alikuwa akitingisha kichwa kufuata wimbo.

Tukaishusha. Mashimo ya bolti hayakulingana, ikabidi mume wangu atoboe mengine. Sasa mlango ulitazama mashariki, kwenye upepo na vumbi lote, na mbele ya chumba cha mama ukasimama mgongo wa stoo, ukuta wa mabati usio na kitu. Mama alikuja mchana ule. Aliutazama ukuta, akaugonga kwa mkongojo, akaingia chumbani kwake akafungua mlango wazi kabisa na kuomba chai.

Lakini hakusema anakaa. Jumamosi ilipita, naye hakuuliza habari za gari, nami nikajifanya nimesahau. Ila kila siku ilikuwa, "nikirudi kwangu." Nikirudi kwangu nitapanda mtama. Nikirudi kwangu nitamfukuza yule mchungaji anayelishia mbuzi shambani kwangu. Ningemletea dawa ya sukari aseme ataibeba ile iliyobaki akirudi kwake. Nilikuwa naumia kila mara, na nilinyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Alizoea kukaa nje ya mlango wake asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta ule, akichambua ndengu kwenye ungo kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Mume wangu naye alikuwa ndani ya stoo akipanga vitu vyake upya, akigonga hiki na kile. Siku moja nikipita kwenda kumwaga maji nilisikia mama akisema, kana kwamba anazungumza na ungo:

"Mtu akihifadhi ndengu bila kuzianika sawasawa, wadudu watamshukuru."

Kugonga kukakoma. Kisha kutoka ndani ya mabati sauti ya mume wangu ikasema, kana kwamba anazungumza na baiskeli:

"Kuna mtu alizianika siku nne."

"Siku nne za mawingu," mama akauambia ungo.

Nilisimama na beseni langu. Katika miaka yangu yote ya ndoa sikuwahi kuwasikia watu wale wawili wakibadilishana neno. Ujumbe wowote ulipitia kwangu, nami nilikuwa kama posta, nimechoka kubeba salamu za mvua na mbuzi. Sasa walikuwa wakizungumza wenyewe, na hakuna heshima iliyovunjika, kwa kuwa hakuna aliyemwona mwenzake. Nilirudi jikoni kwa kunyata.

Ikawa mazoea. Mume wangu alianza kuwa na kazi nyingi sana stoo. Baiskeli ilitengenezwa, jamani, baada ya umri wote huo, na sikuuliza inatengenezwaje kwa kelele kidogo namna hiyo. Nilisikia mama akimweleza jinsi ya kutibu ng'ombe aliyevimba tumbo. Nilimsikia mume wangu akimsimulia habari za njaa ya utotoni mwake ambazo hata mimi sikuwa nimeambiwa. Kuna siku nilisikia mama akicheka, kicheko kile cha zamani cha kukosa pumzi, nikaona wivu kidogo.

Halafu ikaja asubuhi moja nilipokuwa nikiwapelekea chai, kikombe cha mama mkono huu na cha mume wangu mkono huu, maana kila mmoja alinywea upande wake. Nilikuwa sijageuka pembe ya stoo niliposikia mama ameacha kuchambua.

"Wewe uliye ndani," akasema.

"Niko, Mwaitu."

"Nina neno, na nataka ulibebe wewe. Mke wako nikimwambia atalia, nami nitalia, na macho yangu hayana nguvu ya kazi hiyo." Akaweka ungo chini. "Ile siku niliyoanguka nililala pale chini nikawaona kuku wananizunguka kama gogo. Niliita. Niliita mpaka nikaona aibu ya sauti yangu. Nikasema, kumbe ndivyo mtu hufa, hakuna hata wa kumwambia nyamaza. Sijamwambia mtu hilo. Mwambie sirudi Kyuso. Mwambie kwa njia nzuri, asifikiri ni maneno yake yaliyonishinda."

Nilisikia mume wangu akiweka nyundo chini.

"Nimesikia, Mwaitu. Nitamwambia."

Nilirudi jikoni na vikombe vyote viwili. Nililia, kama alivyosema. Nilifuta uso kwa kanga, nikamwaga chai iliyopoa, nikachemsha nyingine na kuweka majani mengi. Mume wangu alipoingia macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi, stoo ile imetazama mashariki. Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Mama watoto," akasema, "kuna neno nimetumwa."

Nikazima jiko nikakaa mbele yake, nikamwacha aniambie yote tangu mwanzo.